Iliyo Safi Ndiyo ya Faili

Jumanne tulimzika Mama Theresia, na katika waliokuja wapo waliotaka tu kuhakikisha kwamba kaburi limefunikwa. Nasema hivyo kwa sababu niliwatazama. Walisimama pembeni, upande wa shamba la ngano, mikono nyuma, na ulipofika wakati wa kutupa udongo hawakusogea. Ndugu wa mumewe hao. Kwa miaka ishirini na sita walimwita mwanamke yule mchawi walipokuwa wamelewa, na walipokuwa hawajalewa hawakumwita kabisa. Walisema alimwekea mume wake kitu kwenye uji. Ushahidi walikuwa nao mmoja tu, tena wa hospitali, wenye saini na muhuri: kwamba moyo wa Mzee Boay ulikuwa mzima. Na mtu mwenye moyo mzima, walisema, haanguki saa nne asubuhi akiwa ameshika sururu, akafa bila hata kuomba maji. Karatasi iliyozaa cheti kile niliitoa mimi kwenye mashine, kwa mikono yangu hii. Sikuighushi. Bora ningeighushi, maana mtu aliyeghushi hujua alichofanya, akatubu au akafungwa, yakaisha. Mimi nilifanya kazi yangu vizuri, nikasifiwa. Mama Theresia amekwenda kaburini na jina la muuaji, na neno la kumsafisha lilikuwa kinywani mwangu karibu muda wote huo. Nimeamua kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na atakayeniona mbaya asijizuie.

Ya kwetu nayaacha. Nilitoka Singida nikiwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne na begi moja, nikapata kazi ya uhudumu katika hospitali ya misheni upande wa Mbulumbulu, juu ya Karatu. Jina lake sitalitaja. Hospitali yenyewe ilijengwa kileleni mwa kilima. Waliojenga walipenda upepo na kuona mbali, msitu wa Ngorongoro upande huu na mashamba upande ule. Wagonjwa hakuna aliyewauliza. Kutoka kijijini ni kupanda kama nusu saa, njia ya mawe matupu, na ukifika getini hata uliye mzima unatafuta pa kukaa. Mimi nilipanga chini, kijijini, kwa Mama Theresia na mumewe, Mzee Boay. Chumba changu zamani kilikuwa stoo ya maharage, na mwaka mzima nguo zangu zilinuka maharage makavu. Ukuta wa kututenganisha ulikuwa wa mbao, na mbao zilishakauka zikaachana, kwa hiyo kila kilichosemwa upande wa pili nilikisikia hata nisipotaka. Na kusema kweli nilitaka. Mgeni kijijini ana burudani gani nyingine? Walipokuwa na raha walizungumza Kiiraqw, na walipogombana waligombana kwa Kiswahili, nadhani ili mpangaji naye asikie nani mwenye haki.

Jioni tulikula pamoja jikoni. Mama alikuwa mfupi, mwepesi, mdomo wake mkali na mkono wake mpana. Hakujua kupika kidogo. Ugali wa mahindi na maziwa ya mgando, mnafu uliochemshwa ukalegea, na Jumapili kande la mahindi mapya na maharage, limekaa motoni tangu watu hawajaenda misa. Binti yao Theresia, wa miaka kumi na mitano, alikaa mlangoni na daftari akijifanya anasoma. Mzee Boay alikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, mtu mkubwa, mabega kama mlango, na kazi yake ilikuwa kunichokoza. "Nesi," aliniita, ingawa sikuwa nesi, "ninyi wa Singida mlenda umewalainisha ulimi mpaka ukweli unateleza." Mimi namjibu, "Baba, na ninyi maziwa ya mgando yamewagandisha, mtu anauliza swali leo unamjibu kesho." Anacheka mpaka anakohoa. Mama anasema mwache mtoto wa watu ale. Nilikuwa sijapata kukaa mahali ambapo chakula kilikuwa na kelele nzuri namna ile, na hiyo ndiyo sababu ninawakasirikia wanaoniambia nisahau, kwamba yamepita.

Mwaka ule hospitali ililetewa mashine ya kupima moyo. Ilitoka Ulaya, ilishatumika huko mpaka wakaichoka, lakini kwetu ilikuwa ajabu. Iliwekwa katika chumba kilichokuwa cha kupigia pasi, na nikachaguliwa mimi kuiendesha kwa kuwa mikono yangu haitetemeki. Unamlaza mgonjwa, unambana vibano vinne mikononi na miguuni, kisha unambandika kifuani vikombe sita vya mpira vinavyonyonya ngozi, unabonyeza, na karatasi ya pinki yenye miraba inaanza kutoka. Dakta alinifundisha kwa nusu saa. Alikuwa mtu wa haraka, msafi mno, soksi zake nyeupe katika matope yale, na hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana kumtupia yeye peke yake ingekuwa rahisi. Aliniambia moyo una umeme wake, mdogo sana, unaopita katika nyama kila unapopiga, na mashine inauandika. Kwanza kilima kidogo, halafu mlima mwembamba wenye ncha, halafu mstari unarudi kwenye usawa wake na kwenda tambarare kidogo, halafu kilima cha mwisho cha mviringo. "Ukiona hivyo, mzima," alisema. Kuhusu asiye mzima hakunifundisha. Alisema hiyo ni kazi yake.

Mgonjwa wetu wa tatu au wa nne alikuwa mzee wa Kimasai kutoka Kakesio, aliyeletwa na gari la watu wa mifugo. Alikuwa amejiandaa. Kifua chote kilikuwa kimepakwa mafuta ya kondoo, kinang'aa, kwa sababu mtu mwenye heshima haendi mbele za watu akiwa amepauka. Vikombe vyangu viliteleza kimoja baada ya kingine, na karatasi ilitoka ikiwa na mistari inayorukaruka, huwezi kuona mlima wala bonde. Dakta alicheka mpaka akavua miwani. Tukamfuta yule mzee kwa pamba na spiriti, tukamwacha apumzike dakika kumi, tukapima tena, ikatoka karatasi nzuri kabisa. Hapo ndipo Dakta alipotunga sheria yake, akaiandika kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani juu ya mashine: Futa. Pumzisha. Pima tena. Iliyo safi ndiyo ya faili, chafu tupa. Tena ilikuwa sheria yenye akili, maana si Wamasai peke yao. Wairaqw wa pale na wageni wa mashambani kama mimi, wote tulikuwa vilevile: mtu akienda hospitali anaoga, anapakwa mafuta mpaka magoti. Asipong'aa watu watasema kwake hakuna mwanamke. Kwa hiyo nilifuta. Nilifuta vifua vya nusu ya Mbulumbulu mwaka ule. Na kila karatasi chafu niliikunja na kuitia kwenye kapu, na jioni kapu lilikwenda kuwashia moto wa jikoni.

Sasa nije kwenye mtaro. Kijiji kilikuwa kinaleta maji kutoka chemchemi ya juu, karibu na msitu, na kila nyumba ilipimiwa kipande chake cha kuchimba. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima bila malipo. Kila Jumanne na Alhamisi, filimbi inapigwa, mwanamume wa nyumba anatoka na sururu. Asiyetoka anatajwa kwenye mkutano mbele ya wakwe na watoto, na bomba halitapita kwake. Kulikuwa na njia moja tu ya kusamehewa, cheti cha hospitali. Mzee Boay alianza vizuri, akatangulia hata vijana. Halafu kama mwezi wa pili akaanza kusimama. Anapiga sururu mara kumi, anasimama, anashika hapa chini ya shingo. Akipumzika kidogo yanaisha, anacheka, anaendelea, yanarudi. Vijana wakaanza kumwigiza. Mdogo wake, Amnaay, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtaro, alimwambia mbele ya watu, "Kaka, usituaibishe. Kama unaumwa leta karatasi, kama huumwi inama." Usiku hata hakulala. Nilimsikia alfajiri akimwambia mkewe kwa Kiswahili, kwa hiyo nikajua ni ugomvi: "Kuna kitu kinanibana, mama Theresia. Kama mtu amekaa hapa." Naye mama akamjibu, "Basi panda hospitali wakuandikie, nani anakukataza?"

Akapanda. Mama alimwandaa mwenyewe, akamwogesha kama bwana harusi, akampaka mafuta kifua na mgongo. Nilikuwa tayari kazini alipofika. Alikuja peke yake, kwa miguu, ile njia ya mawe, na alipoingia chumba cha mashine alikuwa hasemi, jasho limemjaa usoni na mkono uko kifuani. Nikamchokoza, "Leo mgonjwa ni mchokozi." Nikamlaza, nikabandika vikombe, na viliteleza kidogo lakini vikashika, nikabonyeza. Karatasi ikatoka. Naiona mpaka leo. Haikurukaruka kama ya yule mzee wa Kakesio. Ilitulia kabisa, mapigo yamepangana, ila ile sehemu ya tambarare baada ya mlima haikurudi kwenye usawa wake. Ilizama, miraba miwili chini. Na kile kilima cha mwisho kilikuwa kimepinduka, kichwa chini. Nikatazama ukuta. Futa. Pumzisha. Nikamfuta kwa spiriti, nikamfunika blanketi, nikamletea maji. Baada ya dakika kumi rangi ilimrudi, akaniambia, "Nesi, kitanda chenu kina dawa, nimepona." Nikapima tena. Tambarare ilikuwa imepanda mahali pake, kilima kimesimama. Safi. Nikaipeleka hiyo kwa Dakta, ile ya kwanza nikaikunja. Dakta akasema, "Huyu yuko vizuri kuliko mimi," akamwambia apunguze chumvi na arudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili baadaye alirudi, na hapa ndipo hukumu yangu ilipo. Kwa sababu safari ile hakuwa amepakwa mafuta. Alitoka moja kwa moja mtaroni, vumbi mpaka kwenye nyusi, ngozi kavu kama gunzi, akapanda kilima na kufika na maumivu yake. Vikombe vilishika kwa mara ya kwanza, vyote sita. Na mstari ukazama vilevile, mahali palepale. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho nilikuwa nayo. Hapakuwa na cha kufuta. Nikamfuta. Nikamfunika, nikamsubirisha, nikapima, ikatoka safi, na ile nyingine nikaishika mkononi bila kuikunja, nikaenda nayo mpaka mlangoni kwa Dakta. Nilimwuliza tu swali, karatasi nimeificha nyuma kwa sababu sheria ilisema tupa. "Dakta, mafuta yanaweza kuushusha mstari bila kuutikisa?" Alikuwa anaandika. Hakuinua kichwa. "Veronika, wewe ni mzuri sana katika kuweka vikombe. Hospitali nzima hakuna karatasi safi kama zako. Usiharibu kwa kutaka kusoma." Nilifurahi, jamani! Nilisikia ile nusu ya kwanza nikafurahi. Nikarudi chumba cha mashine nikaitia karatasi ile kapuni na zile nyingine, na moyo wangu mwepesi.

Cheti kilitoka siku ileile: moyo hauna tatizo, anaweza kufanya kazi zote. Mzee Boay hakujua kusoma vizuri, akampa Theresia asome jikoni. Theresia alisoma kwa sauti ya shule. Mama alikuwa anasonga ugali, akaendelea kusonga, kisha akanigeukia. "Veronika mwanangu. Wewe ndiye uliyempima. Niambie kweli, baba yenu anaumwa?" Nakumbuka mwiko mkononi mwake, na mvuke, na Mzee Boay akinitazama kutoka kwenye kigoda, hanichokozi, ananitazama tu kama mtu anayesubiri kusaidiwa. Neno moja lingetosha. Sikuwa na haja ya elimu yoyote. Ningesema, mama, akifika na maumivu mstari unazama, akipumzika unapanda, sijui maana yake, lakini nimeuona mara mbili. Nikasema, "Mama, karatasi ni safi kabisa." Tena nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Mzee Boay akainama akanawa mikono. Mama akatoa ugali. Tulikula, na hakuna aliyenichokoza jioni ile.

Alhamisi filimbi ikapigwa. Nilikuwa navaa viatu nikawasikia nyuma ya mbao. Mzee alisema leo atakaa, kifua si kizuri. Mama akasema, "Kifua kimeshapimwa mara mbili. Kama moyo ni mzima basi kinachoumwa ni uvivu. Unataka watoto wako wachote maji kwenye dimbwi la ng'ombe kwa sababu ya uvivu?" Halafu, kwa sauti nyingine, "Kunywa uji kwanza, usiende na tumbo tupu." Nikasikia kata ikigonga sufuria. Akanywa. Akatoka. Nilipita nyuma yake nikielekea kazini, akanipungia sururu. Saa nne alianguka, wakamleta kilimani kwa machela ya miti, Amnaay mbele, wote wanahema, na hapakuwa na haja ya mashine. Dakta aliandika kifo cha ghafla, sababu haijulikani. Angeandika nini? Faili lilikuwa na karatasi mbili, zote safi, zote kazi yangu.

Arobaini haijafika, maneno yakaanza. Kwanza kwa mbali, kwenye kuchota maji, halafu kwenye pombe, halafu Amnaay mwenyewe akasimama kwenye kikao cha ukoo. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikasikia kila kitu. Alisema kaka yake alipimwa na wataalamu, si mara moja, na cheti anacho hapa mfukoni. Moyo mzima. Mtu huyo alikunywa nini asubuhi? Nani alimpikia? Nani aligombana naye, mpangaji si alisikia? Loo! Wakaniita kuulizwa. Nikasimama mbele ya wazee wale, nikaulizwa maswali mawili: aliyempima ni wewe, na moyo ulikuwa mzima? Nikasema ndiyo, na ndiyo. Wakaniambia asante binti, unaweza kwenda. Mama Theresia alikuwa amekaa chini, kanga begani, akanitazama bila hasira hata kidogo, maana kwake mimi nilikuwa nasema kweli. Kuanzia siku ile ukoo wa mumewe haukula tena kwake. Wakija kwa jambo lisilokwepeka, ubatizo au posa, walikuja na sufuria lao na kuni zao, wakapika nje ya ua, chini ya mti wa mgrivea, mbele ya macho yake. Mwanamke asiyejua kupika kidogo. Mwanzoni alikuwa anawapelekea sahani. Zilirudi zilivyokwenda, na siku moja alikuta mbwa wao amepewa nyama aliyowapelekea ili watazame kama atakufa.

Niliondoka mwisho wa mwaka ule. Dakta aliniandikia barua nzuri sana, kwa ajili ya zile karatasi zangu safi, nikapata nafasi ya uuguzi. Miaka minne baadaye, nikiwa kwenye mafunzo Moshi, mwalimu wetu wa magonjwa ya moyo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alitundika karatasi mbili ukutani, moja juu ya nyingine. Ya juu safi. Ya chini, ile tambarare imezama na kilima cha mwisho kimepinduka. Akasema ni mtu mmoja, siku moja, kabla ya kupandishwa ngazi na baada. Mishipa inayolisha moyo imebana, alieleza. Mtu akikaa, damu kidogo inayopita inatosha. Akipanda, moyo unataka zaidi na haupati, na nyama iliyokosa damu haiwezi kujiandaa kwa pigo linalofuata kama nyama nyingine, hivyo umeme unapotea njia na mstari unazama. Akipumzika, damu inatosha tena, mstari unapanda, na mtu ambaye hakumpima mapema ataapa kwamba ni mzima. "Kwa hiyo," alisema mama yule, "karatasi ya wakati wa maumivu ni dhahabu. Mkiipata msiipoteze, hata ikiwa mbaya." Mwanafunzi mmoja akauliza kama kuna mtu mjinga wa kuipoteza. Darasa likacheka. Mimi nilitoka nje, sikurudi mpaka kipindi kilipokwisha.

Mtasema, basi hapo ndipo alipopanda basi la Karatu akaenda kumsafisha yule mama. Aka! Nilipanda basi, ndiyo. Nilikwenda Krismasi ile, na sukari kilo tano na doti ya kanga, nikakaa jikoni nikanywa chai yake. Mama alizeeka haraka. Aliniuliza kazi, akaniuliza nitaolewa lini, akanisukumia bakuli la maziwa. Maneno nilikuwa nayo yamepangwa. Nikamwangalia nikaona nikisema, atajua ni mimi, na bakuli hili sitalipata tena. Nikasema nitasema Pasaka. Pasaka nikapeleka mchele. Nimekwenda hivyo miaka ishirini na miwili. Nilimletea dawa za presha, nilimpima mwenyewe, nilimsifia kande mbele ya majirani kwa sauti kubwa, nikala sahani mbili, mbele ya watu wote, ili waone kwamba mtaalamu anakula kwake na hafi. Alidhani ni upendo. Aliwaambia watu, "Huyu Veronika ndiye peke yake aliyebaki na mimi." Kila aliposema hivyo nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe, kwa jinsi alivyokuwa rahisi kudanganyika.

Jumanne, baada ya maziko, nilimkuta Theresia jikoni, mwanamke mzima sasa, mwalimu, ana kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa anapakua chakula cha waombolezaji. Nikamwambia. Nilisimama tu pale nikamwambia yote, karatasi mbili chafu, swali nililomwuliza Dakta, jibu nililompa mama yake, Moshi, Krismasi zote. Hakulia. Aliendelea kupakua mpaka nilipomaliza, kisha akaweka upawa chini. "Dada Vero, mimi sikuwahi kumshuku mama. Kwa hiyo mimi hujaniambia kitu." Akaonyesha nje kwa kidevu. "Kawaambie wale." Walikuwa chini ya mgrivea, wana sufuria lao. Hata kwenye maziko yake. Nilitoka, nikavuka ua mzima, watu wanatazama.

Amnaay amekuwa mzee, jicho moja lina ukungu, fimbo iko kati ya magoti. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akasema marahaba, huyu ni yule nesi. Nikapiga magoti pale kwenye majani, nikamweleza polepole, kwa maneno ya kawaida, kwamba kaka yake alikuwa na ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa kweli, mashine iliuona mara mbili na mimi nikautupa mara mbili. Kwamba uji ulikuwa uji tu. Wale wengine waliacha kutafuna. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Nilisubiri anipige na fimbo, nilitamani anipige. Akatazama sufuria, akatazama lile kaburi jipya upande wa ngano.

"Sasa binti," akasema, "umetuambia leo. Leo tukale kwa nani?"